Kulipa kwa simu dukani: Yampasayo kujua muuzaji na mnunuzi

KATIKA soko la Kiptere, kaunti ya Kericho, kama ilivyo katika masoko mengine madogo ya eneo la majani chai, mtu aweza siku hizi kununua kilo ya sukari, kusagiwa mahindi na kulipa nauli ya bodaboda bila kushika noti wala sarafu. Kinachohitajika ni simu, laini iliyosajiliwa na nambari ya siri. Nambari ya malipo iliyoandikwa ukutani au mezani imekuwa sehemu ya duka kama ilivyo mizani.

Hata hivyo, urahisi huo umekuja na hatari zake. Duka la kijijini huendeshwa kwa mtaji mdogo na faida ya shilingi chache kwa kila bidhaa. Mteja mmoja akiondoka na bidhaa za Sh2,000 ilhali malipo hayakuingia, mwenye duka hupoteza faida ya siku kadhaa. Kwa upande wake, mnunuzi anayekosea tarakimu moja aweza kulipa duka asilolijua na kubaki mikono mitupu. Makala haya yanaeleza asili ya malipo haya, namna yanavyofanya kazi na mambo ambayo pande zote mbili zinapaswa kuzingatia kabla ya kuachana.

Chimbuko lake

Huduma ya M-PESA ilizinduliwa rasmi na kampuni ya Safaricom mnamo Machi 2007. Majaribio yake yalikuwa yameanza Oktoba 2005, kwa ushirikiano wa kampuni ya Vodafone ya Uingereza na shirika la mikopo midogo la Faulu Kenya. Sehemu ya gharama ilitoka kwa idara ya serikali ya Uingereza iliyoshughulikia maendeleo ya kimataifa.

Lengo la kwanza halikuwa kununua bidhaa wala kutuma fedha kwa jamaa. Wabunifu wake walitaka wakopaji wadogo walipe mikopo yao kupitia simu. Lakini katika majaribio ilibainika kuwa watu waliitumia kwa mambo yao mengine, yakiwemo kutumiana fedha na kulipana katika biashara. Hivyo, ilipofikishwa kwa umma, huduma hiyo ilitangazwa kuwa njia ya kutuma pesa nyumbani.

Kwa miaka kadhaa, aliyetaka kulipa dukani kwa simu alituma fedha kwa nambari ya binafsi ya mwenye duka. Mnamo Juni 2013, Safaricom ilizindua Lipa na M-PESA, ambapo duka hupewa nambari yake maalumu. Wafanyabiashara huiita nambari ya tili. Kampuni nyingine za simu nazo zina huduma za namna hiyo, na mnamo Aprili 2022 Benki Kuu ya Kenya pamoja na kampuni hizo zilitangaza mpango wa kumwezesha mteja wa mtandao mmoja kulipa nambari ya duka iliyo katika mtandao mwingine.

Kwa nini nambari, si kugusisha simu?

Katika mataifa mengine, malipo ya simu dukani yana sura tofauti. Mnunuzi husogeza simu karibu na mashine ya muuzaji, na vifaa hivyo viwili huwasiliana kwa mawimbi ya redio ya umbali mfupi mno. Japani ilianza kutumia simu za namna hiyo mwaka 2004, na huduma ya Apple Pay ilianza nchini Marekani mwaka 2014.

Kenya pia ilijaribu njia hiyo. Mwaka 2017, Safaricom ilifanya majaribio ya M-PESA 1Tap mjini Nakuru. Wateja walipewa kadi, bangili au kibandiko cha kubandikwa nyuma ya simu, na walipofika dukani walikigusisha kifaa hicho kwenye mashine ya muuzaji kisha wakathibitisha kwa nambari ya siri. Njia hiyo haikuenea nchi nzima.

Sababu si vigumu kuziona. Kugusisha kunamhitaji muuzaji awe na mashine ya kupokea, na mnunuzi awe na simu au kifaa chenye uwezo huo. Nambari ya tili haihitaji hata kimoja kati ya hivyo. Bibi mwenye simu ya vibonyezo hulipa sawasawa na kijana mwenye simu ya bei ghali, na muuzaji wa mboga asiye na umeme kibandani anahitaji tu nambari iliyoandikwa juu ya kipande cha karatasi. Fedha hazipiti kati ya simu mbili zilizokaribiana, bali hutoka akaunti moja na kuingia nyingine kupitia mitambo ya kampuni ya simu, hata kama mnunuzi amesimama mbele ya muuzaji.

Pamoja na hayo, manufaa ya kutogusana yanabaki yale yale. Kenya ilipotangaza kisa cha kwanza cha Covid-19 mnamo Machi 13, 2020, noti zilianza kuogopwa. Siku tatu baadaye, Benki Kuu ilitangaza kuwa ada za kutuma fedha zisizozidi Sh1,000 kwa simu zingeondolewa kwa muda, na kiwango cha juu cha muamala mmoja kikapandishwa kutoka Sh70,000 hadi Sh150,000. Msamaha wa ada ulimalizika Desemba 31, 2020. Kiwango cha juu cha muamala kiliongezwa tena mnamo Agosti 2023 na kufikia Sh250,000.

Hatua za kulipa

Mnunuzi hufungua orodha ya M-PESA kwenye simu yake, akachagua Lipa na M-PESA, kisha sehemu ya kununua bidhaa na huduma. Huandika nambari ya tili, kiasi cha fedha na mwishowe nambari ya siri. Kabla ya kukubali, yampasa kusoma tena nambari na kiasi alichoandika.

Muamala ukikamilika, arafa mbili hutumwa. Moja humfikia mnunuzi, ikitaja jina la duka, kiasi alicholipa na salio lake. Nyingine hufika katika simu iliyosajiliwa kupokea taarifa za duka. Kila muamala una msimbo wake wenye herufi na tarakimu 10, na msimbo huo ndio utakaotumiwa kuufuatilia iwapo mzozo utazuka.

Ushahidi u katika simu ya muuzaji

Hapa ndipo wauzaji wengi hupata hasara. Mteja mwenye haraka humwonyesha muuzaji skrini ya simu yake na kusema amekwisha kulipa. Muuzaji, akiwa na watu wengine wanaongoja, hutazama juu juu na kumwachia bidhaa.

Arafa iliyo katika simu ya mnunuzi si ushahidi wa kutosha. Ujumbe waweza kuandikwa na mtu ukafanana na ule halisi kwa kila neno. Waweza pia kuwa wa jana au wa duka jingine. Hata arafa inayofika katika simu ya muuzaji yafaa kuchunguzwa imetoka wapi, kwani matapeli hutuma ujumbe bandia kutoka nambari za kawaida. Ujumbe halisi wa M-PESA huja kwa jina la M-PESA, si kwa nambari ya mtu.

Kanuni ni moja: malipo yamekamilika pale salio la duka linapoongezeka. Muuzaji mwenye shaka aangalie salio au taarifa ya miamala ya duka kabla ya kutoa bidhaa. Mteja mwaminifu hana sababu ya kukasirika kwa kuombwa asubiri kidogo, kwani hata noti ya Sh1,000 huinuliwa kwenye mwanga kabla ya kutiwa mfukoni.

Aidha, mwenye duka anayemwachia mtu mwingine kazi ya kuuza ahakikishe kuwa mtu huyo anaweza kuona taarifa za malipo. Arafa zikifika katika simu ya mwenye duka aliyeko shambani akichuma majani chai, aliyebaki dukani hulazimika kuamini macho ya mteja.

Nambari ya duka au ya binafsi?

Wapo wauzaji ambao bado hupokea malipo kwa nambari zao binafsi. Wengine huona kupata tili ni usumbufu, na wengine huhofia kuwa kumbukumbu za mauzo zitawaletea madai ya kodi. Lakini njia hiyo ina kasoro mbili.

Kwanza, fedha za duka huchanganyika na za nyumba. Karo, dawa na mtaji hukaa pamoja, na mwisho wa mwezi mwenye duka hajui kama biashara imepata faida au imekula mtaji wake. Pili, aliyetuma fedha kwa nambari ya binafsi aweza kudai kuwa alikosea na kuomba zirejeshwe. Huduma hiyo, inayoombwa kwa kutuma arafa ya muamala kwa nambari 456, iliwekwa kuwasaidia waliokosea kweli, lakini wako wanaoitumia vibaya baada ya kuondoka na bidhaa.

Kwa wauzaji wadogo kama vile wa mboga, maziwa na bodaboda, Safaricom ilianzisha Pochi la Biashara, ambayo hutumia nambari ya simu ya muuzaji mwenyewe lakini hutenga fedha za biashara na zile za binafsi.

Mnunuzi naye aelewe kuwa kurejeshewa fedha si jambo la hakika. Ombi huchunguzwa kwanza, na iwapo aliyezipokea amekwisha kuzitoa, huenda zisipatikane. Kwa hiyo, ombi litumwe mara tu kosa linapotambuliwa.

Gharama humwangukia nani?

Mnunuzi anayelipa kwa nambari ya tili hatozwi ada. Muuzaji ndiye hukatwa sehemu ndogo ya mauzo. Mwaka 2017, Safaricom ilishusha makato hayo kutoka asilimia 1 hadi asilimia 0.5, na malipo madogo yasiyofika Sh200 yakaondolewa makato. Kwa kiwango hicho, mauzo ya Sh1,000 yalimgharimu muuzaji Sh5.

Anayetuma kwa nambari ya binafsi hulipa ada ya kutuma kulingana na kiasi, ingawa tangu Januari 2021 kiasi kisichozidi Sh100 hakitozwi. Hivyo, muuzaji anayedai nyongeza kwa sababu mteja amelipa kwa tili humbebesha mteja gharama isiyokuwa yake.

Majani chai, daftari na deni

Maisha ya duka katika eneo la majani chai hufuata malipo ya zao hilo. Mkulima mdogo anayepeleka majani katika viwanda vinavyosimamiwa na shirika la KTDA hulipwa kila mwezi kwa kilo alizowasilisha, kisha hungoja bonasi ya mwaka. Lakini sukari, sabuni na mafuta ya taa huhitajika kila wiki. Pengo hilo kwa miaka mingi lilizibwa na daftari la deni: mwenye duka aliandika jina na kiasi, na mteja akalipa fedha za majani zilipoingia.

Simu haijaliondoa deni hilo, bali imelihamisha. Mnamo Januari 2019 ilizinduliwa Fuliza, huduma inayomruhusu mteja wa M-PESA kukamilisha malipo hata salio lake likiwa halitoshi. Muuzaji hulipwa papo hapo. Mteja ndiye hubaki na deni, pamoja na ada inayoongezeka kadiri siku zinavyopita, na fedha zozote zinazoingia katika simu yake hukatwa kwanza kulipa deni hilo.

Tofauti ni kubwa. Deni la daftari lilikuwa kati ya watu wanaofahamiana; mwenye duka aliweza kungoja iwapo mvua ya mawe iliharibu majani. Deni la simu halingoji. Anayetumia Fuliza kwa unga wa leo ajue kuwa anatumia fedha ambazo hazijafika, na kwamba sehemu yake itakatwa kabla hajaziona.

Mtandao ukipotea

Huenda mnunuzi akatuma malipo na arafa isifike, ama kwa sababu mtandao ni hafifu au mitambo imelemewa. Kosa la kawaida ni kutuma tena palepale, kisha arafa mbili zikafika pamoja na mtu akawa amelipa maradufu. Njia bora ni kuangalia salio kwanza. Likiwa limepungua, malipo yametoka, nao wawili wangoje taarifa ya duka. Likiwa halijapungua, ajaribu tena au alipe taslimu. Kwa sababu hiyo, si busara kwa msafiri kuondoka nyumbani bila noti hata moja.

Nambari ya siri haipewi mtu yeyote, awe mwenye duka, wakala au mtu anayepiga simu akidai kuwa mhudumu wa kampuni. Safaricom huwapigia wateja wake kwa nambari 0722 000 000 pekee, na arafa za ulaghai zaweza kutumwa kwa nambari 333 bila malipo.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Simu imekuwa daftari jipya la duka, tena daftari lisilosahau tarehe wala kiasi. Lakini daftari husaidia likisomwa. Muuzaji anayelinganisha kila jioni bidhaa zilizotoka na fedha zilizoingia ataliona pengo la Sh200 kabla halijawa la Sh20,000, na asubuhi atafungua duka akijua mtaji wake uko wapi.