Upepo au Maji?

Sisi tuliozoea kusema tufani ni tufani tulishangaa: hapa Marekani bima ya kawaida ya nyumba hulipia upepo, lakini mafuriko yana bima yake ya serikali, iliyoanzishwa mwaka 1968. Tarehe 29 Agosti 2005 kimbunga Katrina kilileta vyote viwili pwani ya Mississippi. Nyumba nyingi zilibaki msingi wa zege tu. Nani angethibitisha kilichozibomoa? Hata seneta Trent Lott aliishtaki kampuni yake ya bima, State Farm. Mwaka 2013 baraza la mahakama liliamua kuwa kampuni hiyohiyo iliitupia serikali hasara ya upepo kwenye nyumba moja: dola 250,000. Ilikata rufaa, ikashindwa Mahakama ya Juu mwaka 2016.