Kawi ya jua, mwani na heroe: Jinsi Ziwa Nakuru linavyolisha viumbe wake

KWA miaka mingi, picha ya Ziwa Nakuru iliyosambazwa katika kalenda na vijitabu vya watalii ilikuwa ile ile: ufuo uliogeuka rangi ya waridi kutokana na wingi wa heroe, ndege ambao wengi huwaita flamingo. Kuna nyakati ambapo idadi yao ilikadiriwa kuzidi milioni 1. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 2010, maji ya ziwa yalianza kupanda, na ndege hao wakaondoka kwa maelfu. Wenye mahoteli na waelekezi wa watalii walibaki wakiulizwa swali moja na kila mgeni: wamekwenda wapi?

Swali zito zaidi ni kwa nini walikwenda. Heroe hawakuwindwa wala kufukuzwa. Mbuga ya Kitaifa ya Ziwa Nakuru imezungushiwa ua wa umeme tangu miaka ya 1980, walinzi wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) hupiga doria usiku na mchana, na ziwa lenyewe limo katika orodha ya kimataifa ya ardhioevu muhimu tangu 1990 na katika orodha ya turathi za dunia tangu 2011. Kilichobadilika ni kiasi cha kawi iliyokuwa ikisafiri kutoka kwa jua hadi tumboni mwa ndege. Kawi hiyo hailindwi kwa ua.

Ili kulielewa jambo hili, yafaa kwanza kujua wataalamu wanamaanisha nini wanapotaja mfumo wa ikolojia. Dhana hii ilipewa jina na mwanabotania Mwingereza, Arthur Tansley, mwaka 1935. Alisisitiza kwamba viumbe hai haviwezi kuchunguzwa vikiwa vimetengwa na udongo, maji, hewa na joto vinavyovizunguka, kwa kuwa vyote huingiliana na kuwa kitu kimoja. Heroe mmoja ni kiumbe. Heroe wote walio ziwani ni jamii ya aina moja. Heroe pamoja na mwani, samaki, mwari, wadudu na bakteria wote ni jumuiya ya viumbe. Ukiongeza magadi, matope, mvua na jua kwenye jumuiya hiyo, ndipo unapopata mfumo wa ikolojia.

Mipaka ya mfumo huo si ufuo wa ziwa pekee. Ziwa Nakuru hupokea maji ya mito Njoro, Makalia na Nderit, ambayo chimbuko lake ni milima inayolizunguka, ikiwemo sehemu ya mashariki ya msitu wa Mau. Hupokea pia maji ya chemchemi na yale yanayotoka katika mitambo ya kusafisha majitaka ya Nakuru, mji uliopandishwa hadhi kuwa jiji mnamo Desemba 2021. Hakuna mto unaotoka. Maji huondoka kwa njia ya mvuke tu, na chumvi yote iliyoletwa na mito hubaki nyuma. Ndiyo sababu maji yake ni ya magadi makali ambayo samaki na mimea mingi ya majini haiwezi kuyastahimili.

Mtu angedhani maji ya namna hiyo ni jangwa. Kinyume chake, maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa yamo miongoni mwa maji yanayozalisha chakula kwa wingi zaidi duniani. Siri yake ni mwani mmoja mdogo usioonekana vyema bila hadubini, uliojikunja mithili ya springi, na ambao wanasayansi huuita Arthrospira fusiformis. Kitaalamu, kiumbe huyu ni bakteria na si mmea, ila hufanya kazi ile ile ya mmea. Wanunuzi wa vyakula vya afya huwajua jamaa zake kwa jina la spirulina. Magadi yanayoua viumbe wengine huupa mwani huu akiba isiyokwisha ya kaboni, na jua la ikweta hulipa gharama iliyosalia.

Hapo ndipo safari ya kawi inapoanzia. Mwani hunasa mwanga wa jua na kuutumia kuunganisha kaboni na maji kuwa sukari, kazi inayoitwa usanidinuru. Sehemu kubwa mno ya mwanga hupotea kabla ya kunaswa: kwa kawaida mimea huhifadhi takriban asilimia 1 tu ya kawi inayoifikia. Kila kitu kinachoruka, kinachoogelea au kutambaa ziwani huishi kwa asilimia hiyo moja. Wanaotengeneza chakula huitwa wazalishaji. Wanaowala ni walaji wa daraja ya kwanza, nao huliwa na walaji wa daraja ya pili, na kuendelea.

Mwanasayansi aliyeonyesha kwamba mpangilio huu unaweza kupimwa kama hesabu za duka alikuwa Mmarekani kijana, Raymond Lindeman, aliyechunguza ziwa dogo katika jimbo la Minnesota. Makala yake yalichapishwa mwaka 1942, miezi michache baada ya yeye kufariki akiwa na umri wa miaka 26. Hoja yake ilikuwa kwamba kila kawi inapovuka kutoka daraja moja hadi nyingine, sehemu kubwa yake hupotea. Kiumbe hutumia kawi kupumua, kutembea na kupasha mwili joto. Sehemu nyingine hutoka kama kinyesi. Na sehemu ndogo tu ndiyo hugeuka nyama inayoweza kuliwa na mwingine. Vitabu vya shule hutaja asilimia 10 kama wastani. Hiki ni kipimo cha kukadiria tu, maana samaki huhifadhi kawi vizuri kuliko ndege na wanyama wenye damu moto, ambao hutumia zaidi ya asilimia 95 ya kawi wanayoyeyusha ili kuendelea kuishi.

Kwa hivyo, ikiwa mwani umehifadhi vipimo 10,000 vya kawi, anayeula atabaki na vipimo kama 1,000, anayemla huyo 100, na wa daraja inayofuata 10. Simba ni wachache kuliko swala kwa sababu hii, wala si kwa sababu nyingine ya ajabu. Na ndiyo sababu kundi la ndege milioni 1 haliwezi kuishi mahali pamoja kwa kula nyama. Linaweza kuishi hivyo likikaa karibu na jua, yaani likila wazalishaji moja kwa moja.

Heroe mdogo, ambaye ndiye aliyelipa Ziwa Nakuru sifa, ameumbwa kwa kazi hiyo. Huinamisha kichwa hadi mdomo ukawa juu chini, kisha ulimi wake husukuma maji kama pampu mara kadhaa kwa sekunde moja, huku vichujio vilivyo ndani ya mdomo vikibakiza mwani. Ndege mmoja huhitaji takriban gramu 60 za mwani mkavu kwa siku. Kiasi hicho kinaonekana kidogo mpaka kizidishwe kwa milioni 1, ambapo ziwa linatakiwa kutoa tani 60 kila siku, mzigo wa malori sita ya tani kumi kumi. Hata rangi ya waridi hutoka katika mwani, kwani mwili wa heroe hauwezi kuitengeneza wenyewe. Heroe mkubwa, aliye binamu yake, huchuja matope akitafuta viluwiluwi vya wadudu na kamba wadogo mno. Kwa kuwa yeye yuko daraja moja juu zaidi, idadi yake ziwani imekuwa ndogo sikuzote.

Hadi katikati ya karne iliyopita, mnyororo huu wa chakula ulikuwa mfupi ajabu. Katika miaka ya 1950, na tena mapema miaka ya 1960, samaki mdogo aina ya perege kutoka Ziwa Magadi, aliyezoea maji makali, aliletwa Nakuru ili ale viluwiluwi vya mbu. Samaki huyo aligundua kuwa mwani ulikuwa mwingi zaidi kuliko viluwiluwi, akaula na kuzaana. Njia mpya ya kawi ilifunguka: kutoka kwa mwani hadi kwa samaki, na kutoka kwa samaki hadi kwa mwari, furukombe, mnandi na ndege wengine ambao awali hawakuwa na chakula huko. Mwari walianza kuja kwa maelfu. Wengi wao hutaga mayai katika Ziwa Elementaita lililo jirani na kuruka hadi Nakuru kuvua, kisha hurudi na shehena ya samaki kwa makinda yao. Hivyo mwanga ulionaswa Nakuru hukuza vifaranga katika ziwa jingine. Aliyetaka kupunguza mbu alibadilisha ramani nzima ya chakula, jambo linalopaswa kukumbukwa na kila anayependekeza kuhamisha kiumbe kutoka maji moja hadi mengine.

Sehemu ya kawi haiishii tumboni mwa yeyote. Mwani unaokufa, kinyesi na mizoga huzama matopeni, ambako bakteria na viumbe wengine viozeshaji huvunjavunja mabaki hayo. Kazi yao hurudisha fosforasi na naitrojeni majini ili mwani uzitumie upya. Tofauti iliyopo ni muhimu: madini huzunguka na kurudi, ilhali kawi hupita mara moja tu na kupotea hewani kama joto. Jua lisipochomoza kesho, fosforasi yote iliyomo ziwani haitamsaidia heroe hata mmoja.

Sumu nazo hufuata njia ya tatu. Metali nzito na baadhi ya dawa za wadudu haziyeyushwi na mwili kama chakula, bali hubakia mwilini. Mlaji anayehitaji kula vipimo kumi ili apate kimoja hukusanya sumu ya vipimo vyote kumi. Kwa sababu hiyo, majitaka ya viwanda na mashamba huwadhuru zaidi wale walio kileleni mwa mnyororo, na binadamu anayekula samaki wa ziwa hilo ni mmoja wao. Uvuvi hauruhusiwi ndani ya mbuga, na maafisa wamewahi kutahadharisha umma dhidi ya samaki wa Nakuru wanaouzwa kwa magendo, ila njaa na ukosefu wa kazi huwafanya wengine wayapuuze maonyo hayo.

Mnyororo mfupi una faida ya kulisha wengi. Udhaifu wake ni kwamba hutegemea nguzo moja. Katikati ya miaka ya 1970 mwani wa Arthrospira ulipungua ghafla, na heroe wakaondoka. Katikati ya miaka ya 1990 ukame ulikausha karibu ziwa lote, wakaondoka tena. Mara zote hizo ziwa lilijirekebisha baada ya muda, na ndege wakarejea. Kuhamahama kati ya Nakuru, Bogoria, Elementaita, Natron na mengineyo ni desturi yao ya kale. Hawana ziwa moja la kudumu.

Mafuriko yaliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 2010 yalikuwa ya namna nyingine. Mwaka 2010 ziwa lilikuwa na eneo la takriban kilomita 40 za mraba. Kufikia 2020, lilikuwa limepita kilomita 60 za mraba, likameza lango kuu la mbuga, barabara na migunga iliyokuwa ufuoni, ambayo ilikauka ikiwa imesimama majini. Wataalamu wengi hulaumu hasa ongezeko la mvua, huku uharibifu wa misitu na udongo unaosombwa na mito ukiongeza mzigo. Chumvi ile ile ikachanganywa katika maji mengi zaidi, magadi yakapungua makali, na mwani wa Arthrospira ukapoteza nafasi yake ya upendeleo. Viumbe vingine vya kijani vilichukua mahali pake, vikinasa jua lile lile. Hata hivyo, vingi kati ya hivyo ni vidogo mno, hupenya katika vichujio vya mdomo wa heroe na kurudi majini. Kawi ilikuwepo, ila ilifungwa katika vifurushi asivyoweza kuvishika.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 katika jarida la Current Biology ulitumia picha za setelaiti zilizokusanywa kwa zaidi ya miaka 20 kuchunguza maziwa 22 ya magadi ya Afrika Mashariki. Ulibaini kwamba chakula cha heroe kilipungua katika mengi ya maziwa hayo kadiri maji yalivyopanda, Nakuru likiwa miongoni mwa yaliyoathirika sana. Matokeo hayo ni mazito kwa sababu Ziwa Natron, nchini Tanzania, ndilo mahali pekee Afrika Mashariki ambapo heroe wadogo hutaga na kuangua kwa kawaida. Ndege asiyeshiba katika maziwa mengine hafiki huko akiwa na akiba ya kutosha kulea kinda.

Heroe wengi waliotoka Nakuru walikimbilia Bogoria, ambako chemchemi za maji moto na magadi makali viliendelea kuutunza mwani. Lakini Bogoria nalo limepanda. Kaskazini yake kuna Ziwa Baringo, lenye maji yasiyo na chumvi, ambalo limefurika pia na kumeza makazi, shule na zahanati. Umbali kati ya maziwa hayo mawili umekuwa ukipungua, na mwaka 2020 wataalamu walianza kueleza hofu kwamba huenda siku moja yakakutana. Maji ya Baringo yakiingia Bogoria, makali ya magadi yatashuka, kama yalivyoshuka Nakuru. Na magadi ya Bogoria yakipenya Baringo, samaki wanaotegemewa na wavuvi wa huko watakuwa katika maji wasiyoyazoea.