Sindano ya kortizoni usoni: ilitoka wapi, na nini cha kujua kabla ya kudungwa

Vijana wengi, hasa wale wa familia zilizohama vita, wanauliza swali moja: ni kweli iko sindano inayoshusha chunusi kubwa kwa siku mbili tatu? Ni kweli, iko. Madaktari wa ngozi wanaitumia tangu miaka zaidi ya 60. Lakini sindano ambayo mtu anadungwa kwenye tako katika farmasi ya mtaani, akiambiwa itasafisha uso, ni kitu kingine kabisa. Ili kuelewa tofauti, tufuate njia ambayo dawa hii ilipita mpaka kufika kwetu.

Dawa ni ya jamii ya kortizoni. Mwili wenyewe unatengeneza kitu kinachofanana nayo, katika tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Katika miaka ya 1930 Edward Kendall, wa hospitali ya Mayo katika mji wa Rochester huko Marekani, na Tadeus Reichstein huko Uswisi, kila mmoja kwa upande wake, walifaulu kuitenga. Tarehe 21 Septemba 1948, daktari Philip Hench wa Mayo aliamuru mwanamke wa miaka 29 adungwe dawa hiyo. Ugonjwa wa viungo ulikuwa umemkaza hata kutembea ilikuwa shida. Juma moja baadaye mama huyo alienda mjini kununua vitu. Mwaka 1950 wataalamu hao watatu walipewa Tuzo ya Nobel.

Dunia ilishangilia, lakini furaha haikudumu bila doa. Wagonjwa waliopewa dozi kubwa kwa muda mrefu walianza kuvimba uso ukawa wa mviringo, mifupa ikalegea, akili ikavurugika. Na wengine walitokwa na chunusi nyingi kifuani na mgongoni. Hilo ndilo jambo ambalo muuzaji wa mtaani hakuambii: kortizoni inayoenea mwilini mote yaweza kuzaa chunusi zile zile unazozikimbia.

Mwanzoni dawa ilikuwa ghali sana, kwa sababu ilitengenezwa kutoka nyongo ya ng'ombe. Wataalamu wakaanza kutafuta mimea. Mwaka 1949 baadhi yao walikuja hata hapa Afrika kutafuta mbegu za Strophanthus, mmea ambao jamii yake wawindaji walitumia kama sumu ya mishale. Mwishowe kiazi kikuu cha mwituni cha Mexico ndicho kilichoshinda, na mwaka 1952 kampuni ya Upjohn ikagundua kwamba kuvu ya kawaida yaweza kufanya sehemu ngumu ya kazi. Bei ikaanguka. Ni vizuri kukumbuka hilo, maana dawa ya bei ndogo ndiyo inayofika kila kibanda, hata pale ambapo hakuna daktari.

Mwaka huo huo wa 1952, Marion Sulzberger na Victor Witten walionyesha kwamba aina moja yake inaweza kupakwa juu ya ngozi yenye ugonjwa. Miaka kumi baadaye, McKenzie na Stoughton walipata njia ya kupima nguvu ya pomadi hizo: wanaipaka kwenye ngozi, kisha wanatazama imekuwa nyeupe kiasi gani. Weupe ule ulitokana na mishipa midogo ya damu kujikaza. Kwa daktari ilikuwa kipimo tu. Lakini biashara ya kujichubua iliona soko katika uwezo wa pomadi hizi kung'arisha ngozi, na leo zile zenye nguvu kuliko zote, kama clobetasol, zinauzwa sokoni kama vipodozi. Anayezipaka usoni miezi mingi anapata ngozi nyembamba, mishipa inayoonekana, na vipele vinavyolipuka siku anapoziacha. Kisha anatafuta sindano. Ni mzunguko mbaya, na mwanzo wake ni kopo la pomadi.

Kwa nini tunaiamini sindano hivi? Nadhani wazee wetu walikuwa na sababu nzuri. Ugonjwa wa buba ulijaza watu vidonda vya ngozi, na katika miaka ya 1950 sindano moja ya penisilini iliweza kuviponya. Kampeni za Shirika la Afya Duniani na UNICEF zilifika katika nchi nyingi za joto. Mtu aliyemwona mtoto wake akipona hivyo hakusahau, na imani hiyo ikarithiwa: dawa ya kweli ni ile inayochoma.

Nchi yetu ina kumbukumbu ya pili, ya uchungu. Mwaka 1976, katika hospitali ya misheni ya Yambuku, huko Equateur, kila asubuhi zilitolewa sindano tano kwa wagonjwa wote wa nje. Kati ya mgonjwa na mgonjwa zilisuuzwa tu kwa maji ya vuguvugu. Ndipo Ebola ilipoingia. Watu 318 waliugua, 280 wakafa. Kati ya wagonjwa 288 ambao njia ya maambukizi ilijulikana, 85 walikuwa wamedungwa sindano pale hospitalini. Kwa hiyo jambo la kwanza, kabla hata ya kuuliza jina la dawa, ni hili: sindano itolewe kwenye pakiti iliyofungwa, mbele ya macho yako, na ikishatumika itupwe. Ukimwi na homa ya ini aina ya B vinapita njia hiyo hiyo.

Sasa sindano yenyewe ya chunusi. Dawa inayotumika zaidi ni triamcinolone, utaona jina hilo kwenye boksi. Haidungwi takoni. Daktari anatumia sindano nyembamba sana na kuingiza tone dogo ndani ya uvimbe wenyewe, karibu mililita 0.1 au chini ya hapo. Inafaa kwa lile donge kubwa, la ndani, linalouma na ambalo linaweza kuacha kovu. Haifai kwa vipele vidogo vilivyojaa uso mzima, na haizuii vingine kutoka. Uvimbe kwa kawaida unashuka ndani ya siku mbili au tatu.

Hatari kubwa iko katika kipimo. Chupa nyingi za triamcinolone zina miligramu 40 katika mililita moja, kwa sababu zimetengenezwa kwa ajili ya viungo na misuli. Kwa chunusi dawa inapaswa kuchanganywa na maji ya chumvi ya hospitali au dawa ya ganzi hadi miligramu 2.5 au chini ya hapo. Mwaka 1983 Levine na Rasmussen walilinganisha vipimo huko Marekani: miligramu 0.63 kwa mililita ilifanya kazi sawa na 2.5. Mtu anayekudunga usoni moja kwa moja kutoka chupa ya 40 anakupa dawa kali mara 16 kuliko hiyo 2.5. Matokeo yake ni shimo kwenye shavu, au doa jeupe ambalo kwenye ngozi yetu nyeusi linaonekana kwa mbali. Mara nyingi shimo hujaa baada ya miezi kadhaa, lakini si kila mara. Basi uliza bila haya: dawa gani, umeichanganya kiasi gani, umewahi kufanya kazi hii? Asiyeweza kujibu, ondoka.

Mwambie pia kama una mimba, kisukari, au kikohozi kisichoisha. Kortizoni ya takoni, na vidonge vya dexamethasone ambavyo wengine wanameza ili wanenepe, vinapunguza kinga. Vinaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala, na vinaweza kuwapa nguvu minyoo fulani ya udongoni iliyojificha tumboni. Kwa watu wanaoishi kwa kusongamana na kutembea bila viatu kwenye matope, hilo si jambo la mbali.

Madaktari wa ngozi ni wachache, na wengi wako katika miji mikubwa. Lakini muuguzi wa kituo cha afya anaweza kuanza na dawa ya kupaka ya benzoyl peroxide, au doxycycline kwa asiye na mimba, na chunusi nyingi zinatulia baada ya wiki 6 hadi 12. Kama umepaka pomadi kali kwa miezi mingi, usiikate ghafla peke yako. Peleka kopo lake kituoni, hata kama karatasi yake imechanika, ili wasome kilichomo.