Kibali cha Kuondoka

Mwaka 1983 kijana mmoja aitwaye Silvio Foschini aliipeleka ligi nzima mahakamani kwa sababu hakutaka kuhama mji. Alikuwa mchezaji wa South Melbourne, klabu ya futiboli ya Australia yenye umri wa zaidi ya miaka mia moja. Klabu ilikuwa imelemewa na madeni. Mwaka 1982 ilianza kuchezea mechi zake za nyumbani Sydney, umbali wa karibu kilomita 900 kwa barabara, na baadaye wachezaji wakatakiwa kuhamia huko. Foschini akasema anabaki Melbourne. St Kilda, klabu ya mjini humo humo, ilikuwa tayari kumpokea. Ligi ikakataa: hana kibali.

Nilikutana na kesi hiyo nikitafuta jambo jingine. Nilikuwa nasoma namna mahakama za nchi zilizorithi sheria ya Kiingereza zilivyoamua migogoro ya mwajiri na mwajiriwa, na katikati ya viwanda, bandari na reli nikakuta mchezaji wa mpira wa umbo la yai. Nilidhani nitasoma kurasa mbili kisha niendelee na kazi yangu, lakini sikuendelea. Swali aliloliuliza Foschini ni lile lile linaloulizwa kila palipo na ajira: nikimaliza kazi niliyokubali kuifanya, nani ana haki ya kunizuia mlangoni?

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuuona, mchezo huu si soka na si raga. Kila timu ina watu 18 uwanjani, uwanja ni wa duara lililorefushwa, na kila upande una nguzo nne za goli. Mpira hupigwa kwa mguu au kwa ngumi, na mchezaji huruka hata juu ya mabega ya mwenzake kuudaka. Kanuni zake za kwanza ziliandikwa Melbourne mwaka 1859. Ligi ya Victoria, VFL, ilianza mechi zake mwaka 1897 ikiwa na klabu nane. Wakati huo klabu ilikuwa mtaa. Collingwood, Carlton, Fitzroy na Richmond ni majina ya sehemu za mji kabla ya kuwa majina ya timu. Mtu alishabikia pale alipozaliwa, na mwanawe akachezea hapo hapo.

Ligi iliyageuza mapenzi hayo ya mtaa kuwa kanuni. Kuanzia mwaka 1915 Melbourne iligawanywa katika kanda, na kila klabu ikapewa eneo lake. Ukiwa na kipaji, anwani ya nyumba yenu ndiyo iliyoamua utavaa jezi gani. Kuhama kulihitaji kibali cha klabu yako. Kama haikutaka kukitoa, ungeweza kukaa nje ya uwanja, au kuacha mchezo. Mkataba uwe umeisha au la, jina lako lilibaki katika daftari lao.

Mwaka 1930 ligi iliongeza kufuli la pili. Kwa kanuni iliyoitwa Sheria ya Coulter, mchezaji hakuruhusiwa kulipwa zaidi ya pauni tatu kwa mechi, na klabu zilikatazwa kuwavuta wachezaji kwa fungu la fedha. Nia ilionekana njema: klabu tajiri zisizimeze zile maskini. Haydn Bunton, kijana kutoka Albury, alikuwa miongoni mwa walioionja mapema. Fitzroy ilikutwa imemwahidi fedha kinyume cha kanuni, naye akanyimwa ruhusa ya kucheza msimu wote wa 1930. Alipofunguliwa mlango mwaka 1931, alitwaa medali ya Brownlow, tuzo ya mchezaji bora wa ligi. Akaitwaa tena 1932, na mara ya tatu 1935.

Lakini penye fedha hapakosi njia ya panya. South Melbourne iliwavuta wachezaji kutoka majimbo mengine, hasa Australia Magharibi, ikiwapa kazi katika maduka ya vyakula ya mwenyekiti wake, Archie Crofts. Hizo zilikuwa zama za Mdororo Mkuu. Kazi ya uhakika dukani ilizidi pauni tatu za Jumamosi. Mwaka 1933 timu hiyo ilichukua ubingwa. Kanuni haikuwa imevunjwa waziwazi, na kila mtu alijua kilichofanyika.

Kwa hiyo hata zamani wachezaji walihama. Tofauti ni kwamba kuhama kulikuwa fadhila ya wakubwa au ujanja wa matajiri. Haikuwa haki ya mchezaji.

Hakuna jina linalobeba mgongano huo kama la Ron Barassi. Baba yake, aliyekuwa na jina hilo hilo, alichezea Melbourne na kuwa bingwa mwaka 1940, kisha akauawa vitani Tobruk mwaka 1941. Mtoto alipokua, Melbourne ilihangaika asichukuliwe na klabu nyingine kwa sababu ya kanda, na kanuni ya baba na mwana ikapata nguvu kwa ajili yake: mtoto wa mchezaji aruhusiwe kuifuata klabu ya baba yake. Alipata mataji sita akiwa Melbourne, la mwisho mwaka 1964 akiwa nahodha. Kisha, kabla ya msimu wa 1965, akaenda Carlton kuwa kocha mchezaji.

Mji ulipigwa na butwaa. Kama mtu ambaye kanuni ya damu iliandikwa kwa ajili yake anaweza kuondoka, nani atabaki? Chini ya Barassi, Carlton ilichukua ubingwa mwaka 1968 na 1970. Melbourne ilisubiri taji jingine hadi 2021. Wazee waliolia mwaka ule hawakukosea kuhisi kwamba kitu kilikuwa kimevunjika. Ila naona kilichovunjika kilikuwa dhana ya upande mmoja tu. Klabu ilitarajia uaminifu wa mchezaji kama deni, wakati yenyewe iliweza kumwacha mchezaji yeyote mwisho wa msimu kwa barua fupi.

Mwaka 1971 Mahakama Kuu ya Australia iligusa jambo hili kupitia mchezo mwingine. Dennis Tutty, mchezaji wa raga ya ligi wa klabu ya Balmain mjini Sydney, alishinda kesi dhidi ya kanuni zilizomfunga kwa klabu hata baada ya mkataba kuisha. Mahakama ilisema kanuni hizo zilimzuia mtu kufanya kazi yake kupita kiasi kinachostahili. VFL ikahisi moto unakaribia. Ikaleta kanuni ya miaka kumi: aliyeitumikia klabu moja kwa miaka kumi anaweza kwenda atakako bila kibali.

North Melbourne, klabu ambayo haikuwahi kuwa bingwa, ikaona fursa. Iliwachukua Barry Davis kutoka Essendon, Doug Wade kutoka Geelong na John Rantall kutoka South Melbourne, na ikampa Barassi ukocha. Mwaka 1974 Wade alifunga magoli 103. Mwaka 1975 North ikapata ubingwa wake wa kwanza. Kufikia wakati huo kanuni yenyewe ilikuwa imekwisha kuzikwa, maana ligi iliifuta mwaka 1973, miezi michache tu baada ya kuianzisha. Mlango ulifunguliwa, watu wachache wakapita, wenye nyumba wakaogopa wakaufunga.

Ndipo tunamrudia Foschini. Jaji Crockett wa Mahakama ya Juu ya Victoria aliamua kwamba kanuni za VFL za kibali zilikuwa kizuizi kisicho cha haki kwa kazi ya mtu. Foschini akavaa jezi ya St Kilda. Hakuwa nyota mkubwa kama Barassi, na huenda ndiyo maana kesi yake inanigusa. Bingwa ana klabu kumi zinazomgombania. Mchezaji wa kawaida anayetaka tu kubaki mjini kwao ana sheria peke yake.

Ukiishia hapo utadhani ni hadithi ya ushindi. Lakini ligi ilijifunza. Kama haiwezi kumzuia mtu mlangoni, itapanga upya nyumba nzima. Ikaweka kikomo cha mishahara: kila klabu haivuki kiasi fulani kwa wachezaji wake wote. Mwaka 1986 ikaanzisha drafti ya taifa. Klabu huchagua vijana kwa zamu, na iliyoshika mkia huchagua kwanza. Mwaka 1990 VFL ikabadili jina kuwa AFL, ligi ya nchi nzima. Kijana wa Perth sasa anaweza kusikia jina lake likitajwa na klabu ya Melbourne au Brisbane, na wiki chache baadaye anafungasha begi.

Kwa sisi tuliolelewa na dirisha la usajili la soka, soko hili lina ugeni wake. Hakuna ada ya uhamisho. Klabu hazinunuani wachezaji, zinabadilishana. Kila Oktoba, baada ya fainali, mchezaji hutolewa kwa mchezaji, au kwa zamu ya kuchagua katika drafti, hata ya mwaka ujao. Zamu yenyewe imekuwa sarafu. Lakini tofauti na ligi kubwa za Marekani, ambako mtu anaweza kuamka akaambiwa ameshauzwa jimbo jingine, huku mchezaji mwenye mkataba hahamishwi bila ridhaa yake. Hilo ni jambo kubwa, na mara nyingi husahaulika katika kelele za Oktoba.

Upande wa pili ni mgumu zaidi. Kwa muda mrefu, mkataba ulipokwisha mchezaji hakuwa huru. Alihitaji klabu yake ikubali kubadilishana, la sivyo aingie katika drafti na kuchukuliwa na yeyote mwenye zamu. Kibali kilikuwa kimerudi kikiwa na jina jipya.

Mlinzi wa mfumo huu ana hoja, na si hoja dhaifu. Mwaka 2002 Carlton ilikutwa imewalipa wachezaji nje ya kikomo. Ilitozwa faini ya dola 930,000 na kunyang'anywa zamu zake za kwanza na za pili katika drafti ya mwaka huo. Kama matajiri wangeachwa walipe watakavyo, klabu ndogo zingegeuka shule za kuwalelea wengine vipaji. Wapenzi wa soka la Ulaya wanalijua hilo. Usawa una gharama, na hapa sehemu kubwa ya gharama hiyo imebebwa na mchezaji.

Zamu ya kwanza iliyotoka mikononi mwa Carlton iliangukia St Kilda, nayo ikamchagua Brendon Goddard. Miaka kumi baadaye, mwishoni mwa 2012, Goddard huyo huyo alikuwa miongoni mwa wa kwanza kutumia haki mpya ambayo chama cha wachezaji kilikuwa kimeipigania mezani: uhuru wa kuondoka. Akaenda Essendon. Kwa kanuni hizo, mchezaji aliyemaliza miaka minane katika klabu moja, na mkataba wake umeisha, anaweza kuchagua aendako. Kama yumo katika robo ya wanaolipwa zaidi klabuni, klabu yake inaweza kumbakiza kwa kulingana na ofa aliyopewa. Akifikisha miaka kumi, hata hilo haliwezekani. Klabu iliyoachwa inaweza kufidiwa zamu ya drafti ambayo ligi huiunda papo hapo, na klabu nyingine zote hulalamika kwa sababu zao zinasogezwa nyuma.

Mwaka 2013 Lance Franklin aliondoka Hawthorn kwenda Sydney kwa mkataba wa miaka tisa wa karibu dola milioni 10. Hawthorn ilikuwa na haki ya kulingana na ofa hiyo, haikuitumia. Mwaka uliofuata timu hizo zikakutana fainali na Hawthorn ikashinda. Franklin hakupata ubingwa Sydney. Lakini Machi 2022 alipofunga goli lake la 1,000, maelfu ya watu walimiminika uwanjani kumzunguka, katika mji ambao Foschini alikataa kuhamia, akiwa na jezi nyekundu na nyeupe ya klabu ile ile.

Miaka minane ni mingi. Wengi wanaochaguliwa katika drafti hawaifikii, wala si katika klabu moja. Goti linakwenda, kocha anabadilishwa, jina linaondolewa kwenye orodha. Uhuru umewekwa mwisho wa barabara ambayo wengi hawaimalizi, na wanaofika mara nyingi ndio wale ambao wangefanikiwa hata bila huo.

Namfikiria Aliir Aliir. Alizaliwa mwaka 1994 katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, kwa wazazi waliokimbia vita Sudan. Familia ilifika Australia akiwa mtoto. Sydney ilimchagua katika drafti ya 2013, na mwishoni mwa 2020 ilimpeleka Port Adelaide ikapata zamu ya raundi ya pili ya mwaka uliofuata. Msimu wake wa kwanza huko aliteuliwa katika kikosi bora cha ligi nzima. Katika vitabu vya biashara ya wachezaji, thamani yake ilikuwa ni zamu hiyo moja.

Lakini ili biashara ile ikamilike, ilibidi mwenyewe akubali. Kakuma watu husubiri miaka mingi ofisi isizoziona iamue kama wataondoka na wataenda wapi. Hakuna anayewauliza wanataka mji gani. Mwaka 2020 mtoto aliyezaliwa mle aliulizwa, na bila jibu lake karatasi ile isingekuwa na kazi. Ligi haikutoa ridhaa hiyo kwa ukarimu. Wachezaji waliidai kwa zaidi ya nusu karne, mmoja mmoja, na mmoja wao alikuwa kijana asiyetaka kuhamia Sydney.