Hayes: Kumtafuta mlezi mwema wa biashara

Mji wa Hayes, magharibi mwa London, umepakana na eneo la uwanja wa ndege wa Heathrow, na Waafrika Mashariki kadhaa wamepata huko kazi yao ya kwanza Uingereza: kufanya usafi, kupakia mizigo, kupika vyakula vya abiria. Miaka ikipita, akiba hupatikana. Huyu hutaka mkahawa, yule hutaka kusafirisha mizigo kwenda Mombasa na Dar es Salaam. Hapo ndipo huzuka swali la nani atakayewashika mkono.

Swali hilo si dogo. Anayekodi duka nchini Uingereza mara nyingi huweka saini mkataba wa miaka kadhaa, na mwenye jengo anaweza kudai dhamana ya mpangaji binafsi. Biashara ikifa mwezi wa sita, kodi ya pango haifi pamoja nayo.

Jambo la kale

Fikra ya mlezi si ngeni kwa Waswahili. Pwani, mwari hakuachwa ajifunze dunia peke yake. Alikuwa na kungwi, naye kungwi alikuwa na wajibu wa kumwambia ukweli.

Katika biashara, mfano mashuhuri ni Allidina Visram, aliyefika Afrika Mashariki kutoka Kutch akiwa kijana na kujifunza kazi Bagamoyo, katika nyumba ya biashara ya Sewa Haji Paroo. Baadaye alifungua maduka kuifuata reli ya Uganda, naye akawachukua vijana wengine kuwa wasaidizi wake. Alifariki mwaka 1916.

Desturi hiyo ilivuka bahari. Idi Amin alipotangaza Agosti 1972 kuwafukuza Waasia katika muda wa siku 90, takriban watu 28,000 waliingia Uingereza, wengi wao bila ya mali zao. Waliofungua maduka walihitaji zaidi ya mtaji: walihitaji jamaa aliyetangulia, aliyejua bidhaa za jumla hununuliwa wapi na nani hukopesha.

Mhamiaji wa leo huenda asiwe na jamaa wa namna hiyo. Ndugu aliyemtangulia ni dereva au muuguzi. Mapenzi yake ni makubwa, lakini ujuzi wake wa kodi ya mapato ni mdogo.

Pa kuanzia

Wakazi wa siku nyingi watakumbuka huduma ya serikali ya Business Link, ambayo ofisi zake za mikoa zilifungwa mwaka 2011. Mwaka uliofuata serikali ilianzisha Start Up Loans, inayokopesha hadi pauni 25,000 na kumpa mkopaji mshauri kwa miezi 12 bila malipo ya ziada. Ifahamike kwamba mkopo huo ni wa mtu binafsi. Hulipwa hata biashara ikianguka.

Vijana wa miaka 18 hadi 30 wanaweza kuiendea King's Trust, iliyoitwa Prince's Trust hadi mwaka 2024. Maktaba ya taifa, British Library, nayo ina kituo cha wafanyabiashara tangu mwaka 2006, karibu na kituo cha reli cha King's Cross. Kutoka stesheni ya Hayes & Harlington, treni za Elizabeth line hufika moja kwa moja Farringdon, kituo kimoja tu kabla ya hapo.

Mwenye biashara iliyoko nyumbani anaweza kuomba nafasi katika Tony Elumelu Foundation ya Nigeria, ambayo tangu mwaka 2015 imekuwa ikitoa dola 5,000, mafunzo na mlezi kwa wajasiriamali wa Afrika.

Kumpima mlezi

Sifa za msikitini, kanisani au harusini hazitoshi. Daftari la makampuni la Companies House husomwa bure katika intaneti: jina la mtu huonyesha makampuni aliyoyaongoza na yaliyofutwa. Ipo pia orodha ya waliopigwa marufuku kuwa wakurugenzi. Kampuni iliyokufa si aibu, na pengine aliyewahi kufilisika ana mengi zaidi ya kufundisha. Makampuni sita yaliyokufa mfululizo ni habari nyingine.

Maswali mawili hutosha kumjaribu. Je, anajua kwamba biashara ya chakula husajiliwa kwa halmashauri, ambayo kwa Hayes ni Hillingdon, siku 28 kabla ya kufunguliwa? Anajua kwamba usajili wa kodi ya VAT ni lazima mauzo ya miezi 12 yakizidi pauni 90,000?

Hatari kubwa zaidi ni ya viza. Mwenye viza ya mwanafunzi haruhusiwi kujiajiri, wala anayesubiri uamuzi wa hifadhi. Mlezi anayesema "fungua tu, watu wote hufanya hivyo" anaweza kumgharimu mtu ukaazi wake. Ushauri wa uhamiaji ni haki ya mawakili na waliosajiliwa tu; mwingine akiutoa anavunja sheria.

Mlezi anayetaka kadi ya benki, hisa katika mkutano wa kwanza, au kuwa yeye ndiye muuzaji wa bidhaa, ana biashara yake mwenyewe ya kuendesha. Anayedai malipo kwa kila kikao huenda akawa mtu mwaminifu kabisa, ila huyo ni mshauri wa kukodiwa, na anapaswa kutoa bei kwa maandishi na stakabadhi.