Ruta ya nyumbani yaweza kusambaza muziki bila intaneti

KATIKA nyumba nyingi za Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Buruburu hadi Kayole, nyimbo za familia moja hutawanyika. Nyingine zimo kwenye rununu, nyingine kwenye tarakilishi, na za zamani zingali kwenye kaseti.

Nyimbo hizo zaweza kuhifadhiwa mahali pamoja na kusikika katika kila chumba kupitia ruta ile ile iletayo intaneti.

Wengi hudhani kwamba malipo ya mwezi yakiisha, ruta haina faida tena. Hata hivyo, chombo hicho hufanya kazi mbili. Huunganisha nyumba na ulimwengu wa nje, na pia huunganisha vyombo vilivyomo ndani. Kazi hii ya pili haihitaji bando, bora stima isipotee.

Tarakilishi kuukuu yatosha kuwa ghala. Huwekwa programu ya bure ya kusambaza muziki, kama vile MiniDLNA, kisha simu yenye VLC hufungua nyimbo hizo ikiwa jikoni au chumbani. Runinga nyingi zinazounganishwa na ruta huweza kufanya vivyo hivyo.

Nafasi si tatizo. Wimbo wa MP3 wa dakika nne, wa kilobiti 128 kwa sekunde, huchukua takriban megabaiti nne. Gigabaiti 32 hubeba nyimbo zaidi ya 7,000.

Tatizo kubwa ni kuta za mawe na wingi wa ruta za majirani katika majumba ya ghorofa. Mawimbi ya gigahatizi 2.4 hupenya ukuta vyema kuliko ya gigahatizi 5, lakini ndiyo yanayosongamana zaidi. Afadhali ruta iwekwe katikati ya nyumba, na ichaguliwe chaneli 1, 6 au 11, kwa kuwa hizo haziingiliani. Tarakilishi yenyewe iunganishwe kwa waya.

Wapangaji wanaotumia intaneti ya pamoja ya ploti huenda wakashangaa simu isipoiona tarakilishi. Mara nyingi mtandao wa aina hiyo huwekwa makusudi ili vyombo visionane, jambo ambalo ni la busara. Dawa ni kununua ruta ndogo ya nyumba na kuiwekea nywila, hata kama haina intaneti.

Kazi ya kuchosha ni kaseti. Dandora ndiko lilikotoka kundi la Kalamashaka, lililovuma kwa rapu ya Kiswahili mwishoni mwa miaka ya 1990, enzi ambayo muziki bado ulinunuliwa kwa kaseti. Utepe huchakaa, na kwa redio ya kawaida hakuna njia ya mkato: waya hutoka kwenye tundu la vipokea sauti hadi kwenye tarakilishi, programu ya Audacity hurekodi, na kaseti ya dakika 60 huchukua dakika 60.

Zilizorekodiwa nyumbani, kama vile za harusi au sauti za wazee, zitangulie. Nakala yake ya pili iwekwe kwenye diski nyingine, kwa jamaa anayeishi mtaa tofauti.