Pombe Isiyosafiri: Tarehe ya Tonto kati ya Kasese na Bwera

Tonto haina subira. Ikifunikwa leo jioni, kesho kutwa ndiyo siku yake. Ikipita hapo huanza kuchachuka, na baada ya siku nne au tano haifai ila kutiwa kwenye pipa la kuchemshia. Ndiyo maana katika vilima vya Bukonzo, magharibi mwa Uganda, kutoka Kilembe na Kyarumba hadi mabonde yaliyo juu ya Bwera, pombe ya ndizi haikumfuata mnywaji. Mnywaji ndiye aliyeipandia mlima.

Wajerumani wa Franconia wanaujua mwendo huo. Aufseß ni eneo la vijiji lenye wakazi wasiofika 1,500 na viwanda vinne vya bia, jambo lililoliingiza katika kitabu cha rekodi cha Guinness mwaka 2000. Viwanda vinaunganishwa na njia ya miguu ya kilomita 14 au karibu na hapo, na anayekunywa katika vyote vinne hupewa cheti. Bustani za bia za Bavaria nazo zilizaliwa na joto. Sheria ya mwaka 1539 ilikataza kupika bia kuanzia tarehe 23 Aprili hadi 29 Septemba, basi watengenezaji wakachimba maghala ya chini ya ardhi, wakapanda miti yenye kivuli kizito juu yake ili bia iliyolala humo isiharibike. Watu wakaona kivuli, wakaona bia, wakaketi. Mwaka 1812 mfalme aliwaruhusu wenye maghala kuwauzia watu bia na mkate papo hapo lakini si chakula kingine, na hadi leo wako wanaokwenda bustanini na chakula chao kikapuni.

Bukonzo hakuna ghala wala sheria ya msimu. Kuna shimo. Ndizi za pombe, hasa zile ziitwazo kayinja, hukatwa zingali kijani na kulazwa katika shimo lililopashwa moto na kutandikwa majani ya mgomba, kisha hufukiwa siku nne, tano, sita, kwa kadiri ya baridi ya mahali. Zikifukuliwa zimekuwa njano na harufu yake inafika barabarani. Humenywa, hutupwa ndani ya mtumbwi wa mbao uliochongwa kwa gogo moja, na hapo huingia watu kwa miguu, wakikanyaga ndizi pamoja na nyasi kavu. Nyasi hizo ndizo siri ya kazi yote. Ukikanyaga ndizi peke yake utapata uji. Nyasi huushika ute, na juisi safi hujitenga na kuanza kuchuruzika, kwanza kidogo, kisha kwa mkupuo. Povu hupanda hadi kwenye vifundo vya miguu. Juisi huchujwa, huongezwa maji, hunyunyiziwa mtama uliokaangwa na kusagwa, na mtumbwi hufunikwa kwa majani. Mtama ndio unaoiamsha. Kesho yake ukifunua utakuta utando wa kahawia juu, na chini yake kunachemka bila moto.

Kila siku ina mnywaji wake. Ya kwanza ni ya watoto na wazee wasio na meno, maana bado ni tamu. Ya pili ni ya mahari na ya kumaliza ugomvi wa mipaka ya shamba. Ya tatu ni ya wanaume waliozoea, na wao wenyewe hukunja uso.

Tarehe iliyoandikwa ya nchi hii huanza na chumvi, si pombe. Watu wa milimani walikuwa wakiteremka na chakula hadi ziwa Katwe kubadilishana na chumvi, na njia zao ndizo barabara nyingi za leo. Mwaka 1891 Mwingereza Kapteni Lugard alifika Katwe, akajenga ngome aliyoiita Fort George, kisha akaenda kuwachukua askari wa Kisudani walioachwa na Emin Pasha, gavana wa zamani wa Equatoria, ng'ambo ya milima na kuwapanga katika ngome za Toro. Mwaka huo huo Mjerumani Franz Stuhlmann, aliyekuwa katika msafara wa Emin, alipanda Rwenzori kwa upande wa magharibi hadi kupita mita 4,000. Yeye aliondoka. Wasudani walibaki, wakaitwa Wanubi, na ufundi wa kuchemsha pombe na kuuvuna mvuke wake, ambao baadaye ulienea Uganda nzima kwa jina la enguli, huhesabiwa kuwa ni wao walioueneza. Miaka 19 baadaye, kwa mapatano ya Brussels ya mwaka 1910, mpaka ulikatwa kati ya Waingereza na Wabelgiji, na mto Lhubiriha ukawagawa watu wa lugha moja: Wakonzo huku, Wanande kule. Tonto ya Bwera ikivuka kwenda Kasindi, upande wa Kongo, huitwa kasiksi, na mnywaji haoni tofauti.

Mji wa Kasese ni mtoto wa reli. Mwaka 1956 treni kutoka Kampala ilifika tambarare ile yenye joto, kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Shaba ilipelekwa Jinja kuyeyushwa, na Jinja, kwa bahati au kwa makusudi ya historia, ndiko Nile Breweries ilikoanzishwa mwaka 1951. Uganda Breweries ya Port Bell ilikuwa imeitangulia kwa miaka mitano. Basi reli ilileta mjini kitu ambacho mlima haukuwa nacho: pombe isiyochachuka. Chupa ingeweza kumngoja mchimbaji hadi mwisho wa mwezi. Tonto haikuweza. Nadhani hapo ndipo heshima ilipohama. Mwenye mshahara alikunywa chupa akiwa amekaa kitini, na tonto ikawa ya wasio na mshahara. Wala si kwa ladha, maana bia vuguvugu katika joto la Kasese ni adhabu.

Mwaka 1965 ilitungwa Sheria ya Enguli. Ilimtaka mpikaji awe na leseni, na enguli yake aiuze kwa kiwanda ili isafishwe na kutiwa chupani. Ndivyo Uganda Waragi ilivyozaliwa. Milimani sheria hiyo ilisikika kwa mbali. Tangu tarehe 30 Juni 1962 kulikuwa na serikali nyingine huko juu, ya Rwenzururu, iliyotangazwa na Isaya Mukirane na wenzake, na silaha hazikusalimishwa hadi mwaka 1982. Katika miaka ya Amin bia ya kiwanda iliadimika pamoja na sukari na sabuni, kahawa ikavuka mpaka wa Mpondwe kwa magendo, na enguli ikapata kipindi chake cha dhahabu.

Enguli ndiyo iliyoipa ndizi miguu. Tonto iliyokwisha ladha hutiwa kwenye pipa la mafuta, huwashwa moto chini yake, na mvuke hupita katika mrija wa shaba uliozamishwa kwenye maji baridi. Kwa hiyo wapikaji hukaa kando ya vijito, na mteremko wowote wenye kijito, migomba na kuni una moshi wake. Kinachodondoka kinaweza kukaa kwenye jerikeni mwaka mzima, kikapanda boda boda, kikavuka mto usiku. Madhara yake nayo husafiri. Aprili 2010 watu kwa makumi walikufa Kabale kwa waragi iliyochanganywa na methanoli, sumu ambayo haina harufu ya kumwonya mtu. Mwaka 2019 serikali ilipiga marufuku vipakiti vya plastiki, pamoja na ujazo wowote ulio chini ya mililita 200. Kabla ya hapo kipakiti kimoja kilikuwa na bei ambayo hata mtoto wa shule aliimudu.

Mgodi ulisimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, treni nazo zikafuata. Tonto haikuuawa na chupa. Kilichokaribia kuiua ni ugonjwa wa mnyauko wa migomba, ulioonekana Uganda kwa mara ya kwanza mwaka 2001 na kusambaa hadi magharibi. Wadudu huubeba kutoka ua hadi ua, na kayinja, kwa jinsi ua lake dume linavyoacha makovu wazi, hushikwa kuliko ndizi za chakula. Dawa yake ni kijiti chenye panda: mkulima huvunja ua dume kwa kulipindua mara tu chane la mwisho linapotokea. Kisu hakitakiwi, maana kisu chenyewe hueneza ugonjwa. Shamba lililopuuzwa lilikauka, na palipokauka wengi walipanda kahawa, ambayo hulipa mara mbili kwa mwaka na haimwiti polisi.

Wageni wa Rwenzori siku hizi huanzia Nyakalengija au Kilembe, mabegi mgongoni, macho yao kwenye theluji, na hupita migomba kama watu wanaopita uzio. Mwenye kutaka safari ya Aufseß katika nchi hii hana haja ya theluji. Apande gari hadi Kinyamaseke, ashuke, ashike njia za juu kuelekea Bwera, na katika kila kijiji aulize swali moja tu: mtumbwi ulifunikwa lini? Akijibiwa jana, anunue juisi. Akijibiwa juzi, aketi. Akiambiwa ni siku nne, ashukuru, akatae kopo, na aulize njia ya kijiji kinachofuata.